Je, Kisichoonekana Chaweza Kujulikana?

Liko swali ambalo wenye akili hawaachi kuulizana: je, yamkini mtu kukijua kitu ambacho hawezi kuingia ndani yake? Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Katika hilo hatubishani. Walakini si kila kilichofichikana na macho ni ghaibu.

Twende Kitui na Makueni, katika nchi ya Wakamba. Mito yao mingi, kama Tiva na Kaiti, hukauka kiangazi ikabaki mchanga mtupu. Mgeni apitaye husema hapa hapana maji. Mwenyeji huitazama miti iliyobaki mibichi ukingoni, akachimba, akateka. Huyo hakupiga ramli. Amefuata dalili, na akikosea, shimo kavu litamsuta.

Sasa tuinue macho katika anga ya huko huko. Nyuma ya Kilimia hufuata nyota nyekundu, ambayo Waarabu waliiita Al-Dabaran, yaani mfuasi. Hiyo ni katika nyota kongwe zilizovimba. Upana wake wapita ule wa jua letu zaidi ya mara 40. Hakuna awezaye kuingia ndani yake. Lakini nyota za namna hii hutetema. Gesi ichemkayo karibu na uso wake huzaa mawimbi kama ya sauti. Mengine huchanganyika na mawimbi ya moyoni, yakatoka na habari ya huko, na mwanga ukazidi na kupungua kwa kiasi kidogo mno. Wataalamu huupima mwanga huo kwa miezi mingi, mfano wa mnunuzi agongaye mtungi apate kusikia kama una ufa.

Chombo cha Kepler, kilichorushwa na Marekani mwaka 2009, kilizipima nyota hizo kwa maelfu. Mwaka 2011 likadhihirika jambo la ajabu: nyota mbili zaweza kufanana kwa rangi na mwanga, na batini zao zikawa mbali mbali. Moja yaunguza haidrojeni katika ganda liuzungukalo moyo. Ya pili imekwisha kuanza kuunguza heliamu moyoni. Zilipambanuliwa kwa tofauti ya vipindi vya mitetemo yao: kiasi cha sekunde 50 kwa ile ya kwanza, na 100 hadi 300 kwa ya pili.

Mnajimu naye hudai kuzisoma nyota. Muulizeni: ni kitu gani kitakachoonyesha kwamba umekosea? Hana jawabu. Neno lake likitimia, huchukua sifa. Lisipotimia, huilaumu nia ya mteja, na fedha hazirudi. Kwa maneno kama hayo ndoa zimevunjwa na safari zimeachwa. Mwenye kupima mitetemo ameweka hesabu yake hadharani, ili mwenziwe aipime na, ikibidi, aivunje.

Basi jawabu letu ni hili: kilichofichikana chaweza kujulikana, kwa dalili, kwa subira, na kwa kukubali kusutwa. Na ikiwa nyota, isiyo na hila, haikujulikana kwa sura yake, vipi sisi twamhukumu jirani kwa kanzu yake?