Mlezi na Uamuzi wa Wanafunzi

Vyama vya wanafunzi katika vyuo vya Tanzania na Kenya, viwe vya dini au vya taaluma, kwa kawaida huwa na mlezi: mhadhiri, mchungaji, padri au sheikh anayewashauri viongozi na kusaini barua zao. Hapigi kura. Hata hivyo neno lake mara nyingi huwa zito kuliko kura, na hapo huzuka swali la kifalsafa: mtu akishauriwa na anayemheshimu, uamuzi anaoutoa ni wake kwa kiasi gani?

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre aliligusa swali hili katika mhadhara alioutoa Paris mwezi Oktoba 1945. Alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyemjia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ameshindwa kuamua abaki na mama yake, ambaye faraja yake ilikuwa yeye tu, au aende Uingereza kujiunga na majeshi ya Ufaransa Huru. Sartre alimjibu kwamba yuko huru, achague mwenyewe. Kwa maoni yake, anayemchagua mshauri amekwisha kuchagua na ushauri: kijana akimwendea padri anayeshirikiana na Wajerumani, anajua atakachoambiwa kabla hajabisha hodi. Ndivyo ilivyo chuoni. Viongozi wanaomfuata profesa asiyeonekana kikaoni hata mara moja wameshaamua kutoshauriwa.

Hoja hiyo inapwaya mahali pamoja. Kijana yule alijitafutia mshauri mwenyewe, lakini chama hubadilisha uongozi kila mwaka na mlezi hubaki. Viongozi wapya humkuta tu, naye pengine ndiye pekee anayekumbuka kwa nini safari ya mwaka juzi ilivunjika, au deni la kukodi vipaza sauti lilitoka wapi. Kumbukumbu hiyo ni msaada mkubwa. Ni mamlaka pia, tena ambayo hakuna aliyeyapigia kura.

Kishawishi cha kuyatumia mamlaka hayo huja vijana wanapokosea. Historia ya Uislamu ina mfano: kabla ya vita vya Uhud, mwaka 625, Mtume Muhammad alielekea kubaki Madina na kujihami. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi kupigana katika vita vya awali vya Badr, walitaka kutoka. Akaikubali rai yao. Waislamu wakapata hasara kubwa, ingawa chanzo chake cha karibu kilikuwa wapiga mishale kuacha nafasi zao. Aya ya 159 ya Surat Al Imran, ambayo wafasiri huihusisha na vita hivyo, inamwagiza awasamehe na ashauriane nao. Kisa hiki hakilingani na chama kwa kila kitu, maana pale mwenye uamuzi alikuwa Mtume mwenyewe. Lakini mashauriano hayakufutwa kwa sababu yaliishia pabaya.

Ugumu hasa uko kwenye saini. Pale ambapo barua ya kuomba ukumbi haipokelewi bila saini ya mlezi, kukataa kusaini ni kura ya turufu. Ana haki ya kuuliza fedha zinatunzwa na nani, stakabadhi ziko wapi, na kama mgeni rasmi amethibitisha. Jina lake limo. Kutoipenda mada ni jambo jingine: aseme, kwa ukali akitaka, kisha asaini. Dhamiri ikimkatalia kabisa, na katika vyama vya dini hutokea, ajiuzulu ulezi waziwazi kuliko kuikalia barua hadi tarehe ipite. Nao viongozi hawana haki ya kumpelekea barua hiyo usiku wa kuamkia kongamano.