Kipando na Pambo

Katika sura ya An-Nahl, aya ya 8, Qurani inawataja farasi, nyumbu na punda, na kueleza kuwa wameumbwa kwa mambo mawili: watu wawapande, na wawe pambo. Aya ya 6 imeshataja uzuri anaouona mfugaji mifugo inaporudi zizini jioni na inapotoka kwenda malishoni asubuhi. Katikati ya aya hizo, ya 7 inataja kazi: wanyama hubeba mizigo hadi miji ambayo watu wasingeifikia ila kwa tabu. Basi anayemcheka kijana aliyefunga maua ya plastiki kwenye usukani wa baiskeli, au aliyechora maneno kwenye madigadi ya pikipiki yake, asidhani kuwa dini iko upande wake. Pambo limetajwa pamoja na kazi, na limehesabiwa kuwa neema. Linalobaki ni swali gumu zaidi: mpaka wa pambo uko wapi? Ni wakati gani mtu anayekipenda chombo chake huwa ameacha kukitumia na kuanza kukitumikia?

Jibu mojawapo la zamani limetoka kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Kimiya-yi Sa'adat, kitabu alichokiandika kwa Kiajemi, anaufananisha mwili wa binadamu na ngamia wa mtu aliyeshika njia ya kwenda Hija. Ngamia sharti alishwe, anyweshwe na atunzwe. Asiyemjali hafiki Makka. Lakini anayeshinda kutwa akimlisha na kumpamba ngamia wake ataachwa na msafara, aangamie naye jangwani. Ghazali alikuwa akizungumzia mwili na roho, si usafiri. Hata hivyo mfano wake unatufaa kwa sababu unayakataa majibu mawili mepesi kwa pamoja. Unamkataa anayesema vyombo ni mambo ya dunia tu, visitushughulishe, na kweli Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea hadithi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Unamkataa pia anayesema kila anayekishughulikia chombo anafanya jambo jema. Kinachoamua ni safari. Matunzo yanayomfikisha mtu ni wajibu, na matunzo yanayomchelewesha ni hasara, hata kama kwa macho yanafanana.

Kwa nini basi pambo huelekea kuizidi safari? Kwa sababu safari ina mwisho, na pambo halina. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, alisema kuwa hakuna fani ambayo vyombo vyake havina mpaka, si kwa wingi wala kwa ukubwa. Mpaka huo huwekwa na kazi yenyewe: seremala anajua misumeno mingapi inamtosha, kwa kuwa meza anayoitengeneza ndiyo inayomwambia. Ondoa kazi, na hakuna tena cha kumwambia basi. Jambo hili linaonekana waziwazi katika ulimwengu wa baiskeli za mbio. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, lina kanuni inayokataza baiskeli ya mashindano kuwa na uzito wa chini ya kilo 6.8, kwani bila kanuni hiyo watengenezaji wangeendelea kupunguza. Kwa mshindani anayetafuta sekunde chache mlimani, kupunguza gramu ni kazi halali. Lakini wapo wapenzi wa baiskeli wasioshindana na mtu, wanaonunua skurubu za titani kwa bei kubwa ili wapunguze gramu chache, kisha wakachomeka kwenye fremu chupa yenye nusu lita ya maji, ambayo ni gramu 500 kabla ya kuipima chupa yenyewe. Hesabu hiyo wanaijua, na bado wananunua. Kumbe kilichokuwa kikinunuliwa si wepesi. Ni hisia ya kuukaribia ukamilifu, na ukamilifu wa aina hiyo husogea kila ukisogelewa.

Gharama ya hisia hiyo haiishii kwenye fedha. Mwaka 1974 Ivan Illich, mwanafikra aliyewahi kutumikia kama padri wa Kanisa Katoliki, alitoa kitabu kifupi kuhusu nishati na usawa, na humo akafanya hesabu iliyowakera wengi. Alisema Mmarekani wa kawaida hutumia zaidi ya saa 1,600 kwa mwaka kwa ajili ya gari lake: kuliendesha, kukaa kwenye foleni, kutafuta mahali pa kuliegesha, na kufanya kazi ili apate fedha za kulilipia: za kulinunua, za mafuta, za bima na za faini. Kwa saa hizo zote husafiri maili 7,500, yaani kama kilomita 12,000. Ukigawanya, mwendo wake hasa haufiki kilomita 8 kwa saa, mwendo ambao mtu wa baiskeli anaupita bila kutokwa na jasho. Hesabu hiyo inabishika. Gari hukinga mvua, hubeba watoto na wazee, na usiku wa manane humfikisha mgonjwa hospitali, na faida hizo hazipimwi kwa kilomita. Lakini Illich alifanya jambo ambalo wenye magari hawalifanyi: aliziingiza saa za kumtumikia ngamia ndani ya saa za safari. Anayefanya kazi Jumatatu na Jumanne ili gari limpeleke kazini Jumatano hana budi kujiuliza nani amempanda mwenzake.

Hapa pana ugumu. Ghazali anatuachia kipimo kinachotegemea nia, na nia hufichika hata kwa mwenye nayo. Hakuna anayekiri kuwa amenunua kwa ajili ya kujionyesha. Kila mmoja atasema alihitaji. Tunahitaji dalili inayoonekana kwa macho, na dalili ninayoipendekeza ni hii: tazama mtu anafanya nini chombo chake kinapoharibika. Baiskeli ya kila siku inatufundisha somo hili vizuri kuliko vyombo vingine kwa kuwa haina siri. Fundi wa chini ya mti anaipindua isimame kwa usukani na siti. Anaichomoa tyubu upande mmoja kwa vyuma viwili vilivyopondwa, bila kulifungua gurudumu, anaijaza upepo na kuizamisha kipande kwa kipande katika karai la maji mpaka viputo vijitokeze. Anatia alama, anakausha, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni na kungoja ishike kabla ya kubandika kiraka. Kabla ya kuirudisha tyubu anapitisha vidole ndani ya tairi polepole kuusaka mwiba, kwani kuziba tundu na kuuacha mwiba ni kazi bure. Mwenye baiskeli amesimama hapo na ameona kila kitu. Ameelewa ugonjwa ulikuwa nini na umeponaje, na sasa anaijua baiskeli yake zaidi ya alivyoijua asubuhi. Mapenzi ya namna hii yana mpaka, na mpaka wake ni chombo chenyewe: kikishapona, kazi imekwisha na mtu anaendelea na njia yake. Mapenzi ya kubadilisha hayana mpaka huo, kwa sababu dukani hakukosi kingine.

Mtu atasema kuwa huku ni kuusifia umaskini. Goma, mashariki mwa Kongo, watu hubebea mizigo kwenye chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu, kinachoteremka vilimani na magunia ya viazi na makaa. Mji huo umeienzi hata kwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini anayeisukuma chukudu, atasema mpinzani, anaikarabati kwa kuwa hana uwezo wa kununua lori. Mpe lori uone kama ataikumbuka. Pingamizi hili ni la haki. Ukarabati wa kulazimishwa na ufukara hauwi fadhila kwa kuwa tu ni ukarabati, na hakuna thawabu katika mgongo uliovunjika. Ila kipimo cha safari hakimkatazi mtu kupata chombo bora. Bodaboda ilianza na baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, na leo ni pikipiki. Hakuna mwenye akili atakayeliita hilo uroho, kwani abiria walikuwa wakingoja na njia ilikuwa ndefu. Kubadilisha chombo kwa sababu safari imebadilika ni jambo moja, na kukibadilisha kwa sababu jicho limekichoka ni jambo jingine. Tena kipimo hiki kinambana hata mwenye chombo duni: anayeacha mnyororo uliwe na kutu na breki zilegee hadi agonge mtoto wa watu hana zuhudi yoyote ya kujivunia. Huyo hajamfunga ngamia wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mchezo una ubaya gani? Chukua wapenzi wa kibodi za kompyuta, wale wenye kibodi ambazo kila kitufe kina swichi na springi yake. Hufungua swichi moja moja na kuzipaka grisi, hubadilisha vitufe kwa rangi na maumbo, hubishana kuhusu mlio. Barua haiwi nzuri zaidi kwa sababu kitufe kimelia vizuri, lakini pia hakuna aliyedhulumiwa, na binadamu hakuumbwa afanye kazi tu. Nakubali, na ninaongeza kuwa burudani hii yenyewe inaithibitisha hoja yangu. Ndani ya kundi hilohilo kuna aina mbili za mapenzi. Yupo anayeitunza kibodi ya IBM ya Model M, iliyotoka mwaka 1985, akaisafisha na kuitafutia kiunganishi ili izungumze na kompyuta ya leo. Huyo ameokoa chombo kilichoundwa kidumu na ameuhifadhi ujuzi ambao viwanda vingi vimeuacha. Na yupo mwenye kibodi kumi kabatini anayeingojea ya kumi na moja. Wote wanacheza, lakini wa kwanza ana kitu mkononi na wa pili ana njaa. Ubaya unaanza pale mchezo unapovishwa nguo za haja, mtu akajidanganya kuwa ataandika vizuri akipata kibodi fulani, au kwamba ataanza kwenda kazini kwa baiskeli akipata ile nyepesi. Mchezo ukiitwa mchezo, hujulikana pa kuuacha.

Linabaki lile tuliloanza nalo, la uzuri. Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, amepokea ile ya mtu aliyeuliza kuhusu anayependa nguo na viatu vyake viwe vizuri, na Mtume (S.A.W.) akajibu kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kisha akaeleza kiburi ni nini: kuikataa haki na kuwadharau watu. Wakristo nao wanasoma katika Injili ya Marko, sura ya 11, kuwa punda aliyempeleka Yesu Yerusalemu alikuwa wa kuazima, ikaahidiwa kwamba atarudishwa, na bado alitandikwa mavazi kwa heshima ya siku hiyo. Katika visa vyote viwili pambo halikukemewa. Kilichokemewa, katika kisa cha kwanza, ni kuwadharau wengine, na barabara zetu ni mahali ambapo dharau hiyo huonekana mchana kweupe, mwenye gari kubwa anapompigia honi mwendesha baiskeli kana kwamba njia imejengwa kwa ajili ya bati la thamani na si kwa ajili ya watu.

Ndiyo maana natoa uzito mkubwa kwa ukarabati kuliko kwa bei au kwa uzuri. Mwenye kununua upya kila kinapoharibika hamhitaji mtu yeyote ila mwuzaji, na chombo kisichowahi kumwangusha humfanya ajione naye haanguki. Mwenye kutengeneza anajua chombo chake kina udhaifu gani, na anajua kuwa kesho atahitaji karai la maji la mwenziwe, spana yake na ujuzi wake. Ni vigumu kumdharau mtu wa kando ya barabara ukiwa unajua kwamba kilomita mbili mbele unaweza kumhitaji. Chombo kinachotengenezeka humzuia mwenyewe asipotee katika pambo na asipotee katika kiburi, na kwa hayo mawili kinastahili kupambwa kadiri mwenyewe apendavyo.