Kamisheni ya Mteja Usiyemleta

Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, anayetafuta nyumba ya kupanga hahangaiki kugonga mlango hadi mlango. Humtafuta komisioneri, yaani dalali, naye humpeleka hadi Carama, humwonyesha vyumba, humkutanisha na mwenye nyumba, na wakipatana hulipwa chake. Hakuna anayemnung'unikia, kwa sababu jasho lake limeonekana. Lakini tuseme mpangaji kaelekezwa na shangazi yake, kafika mwenyewe, na kodi imeshalipwa. Mara dalali anazuka na kudai fungu lake, eti kwa kuwa jana alipishana na mpangaji huyo njiani. Atafukuzwa, na watoto watamzomea.

Kwenye intaneti, dalali wa namna hiyo alilipwa mamilioni ya dola.

Biashara yenyewe ni rahisi kuielewa. Duka la mtandaoni humpa mwenye tovuti kiungo chenye alama yake. Msomaji akikibofya, kivinjari chake huhifadhi kidakuzi, kijifaili kidogo kinachokumbuka ni nani aliyemleta. Akinunua kabla muda uliowekwa haujaisha, duka husoma alama hiyo na kumlipa mwenye tovuti kamisheni. Amazon ilianzisha mpango wa aina hii mwaka 1996, na muda wake wa kawaida ni saa 24. eBay, soko la mnada la Marekani, nalo lilikuwa na mpango wake. Miongoni mwa mawakala waliolipwa fedha nyingi kuliko wote walikuwamo wakazi wawili wa California, Shawn Hogan na Brian Dunning.

Wote wawili hawakuwa na shida ya wageni. Walitoa vijiprogramu vya bure ambavyo wenye tovuti wengine walivipachika kwenye kurasa zao, kwa hiyo watu wengi mno walipitia kwao kila siku bila hata kuwajua. Kilichopungua kilikuwa mbofyo. Wageni walitazama na kwenda zao, kama wafanyavyo wageni wa tovuti yoyote ile duniani. Swali lililowakabili ndilo linalomkabili kila mwenye tovuti: nitafanyaje ili watu hawa hawa nilio nao tayari waniletee zaidi?

Jibu walilolichagua lilikuwa la hila. Ndani ya kurasa walificha msimbo uliokifanya kivinjari cha mgeni kiite eBay kimyakimya. Mgeni hakubofya chochote wala hakuona chochote, lakini kidakuzi kilikwisha kuwekwa. Siku zile eBay ilikuwa maarufu mno Marekani. Katika umati mkubwa hivyo, hawakukosekana watu ambao wangekwenda kununua huko kwa hiari yao. Walipofanya hivyo, alama ya wakala ilikuwa inawasubiri, na kamisheni ikalipwa kwa kazi ambayo haikufanywa. Kwa miaka kadhaa eBay ilimlipa Hogan takriban dola milioni 28, na Dunning takriban milioni 7.

Kuna jambo moja katika kesi iliyofuata linalostahili kukumbukwa kuliko fedha zote hizo. Kwa mujibu wa madai ya eBay mahakamani, msimbo wa Hogan ulipangwa usifanye kazi kwenye kompyuta zilizoko San Jose, yaliko makao makuu ya eBay, wala Santa Barbara, ilikokuwa kampuni iliyousimamia mpango huo kwa niaba yake. Mji mmoja wa anayelipa, mwingine wa anayehesabu. Anayejua kwamba kazi yake ni halali hana sababu ya kumficha anayemlipa.

eBay ilipoingiwa na shaka, ilitega mtego wa kimya kama hila yenyewe. Iliweka kwenye ukurasa wake wa mbele picha ndogo isiyoonekana kwa macho. Mgeni aliyeingia kweli angeipakua picha hiyo pamoja na ukurasa, lakini aliyeletewa kidakuzi kwa siri hakuufikia ukurasa, kwa hiyo hakuipakua. Ikabaki kulinganisha hesabu mbili tu. Mwaka 2007 makachero wa FBI waliingia kufanya upekuzi, Agosti 2008 eBay ikafungua kesi ya madai, na Juni 2010 wote wawili wakashtakiwa kwa ulaghai. Walikiri kosa. Mwaka 2014 Hogan alihukumiwa kifungo cha miezi 5 na faini ya dola 25,000, na Dunning kifungo cha miezi 15. Huyu Dunning alikuwa akijulikana kwa Skeptoid, kipindi chake cha sauti kinachowafundisha wasikilizaji wasiamini mambo bila ushahidi.

Yupo atakayesema kwamba aliyeumia ni tajiri, basi na aumie. Hapo ndipo wengi wanapopotoka. Katika mipango mingi kanuni ni kwamba kidakuzi cha mwisho ndicho kinacholipwa. Kwa hiyo kidakuzi cha siri kikiingia, kinaweza kufuta alama ya wakala mwingine aliyeandika, aliyepiga picha, aliyemshawishi msomaji kwa haki. Malalamiko ya aina hiyo yalizuka upya Desemba 2024 dhidi ya Honey, programu ya kutafuta kuponi iliyonunuliwa na PayPal mwaka 2020 kwa takriban dola bilioni 4. Ilidaiwa kwamba katika hatua ya mwisho ya malipo iliweka alama yake juu ya alama ya aliyemleta mteja. PayPal ilijibu kwamba inafuata kanuni za biashara hiyo, na watengeneza video kadhaa walikwenda mahakamani.

Sasa tumfikirie kijana wa Kinama mwenye tovuti inayoeleza habari za simu na paneli za sola. Wasomaji wake wako Bujumbura na Uvira, na wengine ni Warundi walioko Ubelgiji, Kanada na Australia. Dola ni adimu benki na bei yake mtaani ni nyingine, kwa hiyo hata kamisheni ndogo inaonekana kubwa. Wageni wanaongezeka, fedha haziongezeki. Kishawishi hakitamjia na sura ya wizi. Kitamjia na sura ya ushauri: ongeza dirisha linaloruka usoni, fanya kitufe cha kiungo kifanane na kitufe cha kupakua, funika ukurasa mzima kwa kiungo kisichoonekana ili popote msomaji atakapogusa ihesabiwe ni mbofyo.

Kabla hajaupokea ushauri huo, na afikirie nani anaulipia. Msomaji wa Kinama hununua mega zake za intaneti kwenye mitandao ya simu ya Lumitel au Econet kidogo kidogo, na kila dirisha linaloruka linamlia mega hizo. Atavumilia mara moja, mara ya pili hatarudi. Hivyo kijana atakuwa ameuza wageni wake wa kesho ili apate mbofyo wa leo, tena mbofyo usio na mnunuzi nyuma yake.

Kipato cha halali huongezwa kwanza kwa kuwajua wageni wenyewe. Msomaji wa Brussels anaweza kuagiza kwa Amazon na kupokea mzigo mlangoni, lakini kuufikisha mzigo huo Kinama ni safari ya gharama na usumbufu. Kumpa kiungo kile kile ni kumwonyesha duka asiloweza kuliingia. Huyu wa nyumbani anafaa kuelekezwa kwa muuza simu wa mjini ambaye kijana amepatana naye: mteja akitaja tovuti anapunguziwa bei, na kijana anatumiwa fungu lake kwa simu, kupitia Lumicash.

Kisha aangalie kiungo kinakaa wapi. Anayesoma habari kwamba simu fulani imetoka bado hajaamua kitu. Anayesoma ulinganisho wa simu mbili ana fedha mkononi au yuko karibu kuzipata, na hapo kiungo kimoja chini ya hitimisho kina maana kuliko kumi vilivyotapakaa. Avikague pia viungo vya zamani. Duka la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania na Kameruni, Novemba 2019, kila kiungo kilichoelekeza huko kikawa kinapeleka wateja kwenye mlango uliofungwa.

Asitegemee duka moja. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula vya dukani kutoka 5 hadi 1. Mawakala waliokuwa wamejenga riziki yao yote juu ya bidhaa hizo waliamka maskini bila kosa lolote. Na amwambie msomaji waziwazi kwamba akinunua kupitia kiungo kile, mwandishi analipwa. Amazon yenyewe inalitaka tamko hilo. Msomaji akishajua hivyo halafu bado akabofya, huyo ndiye mteja aliyeletwa kweli.

Njia hii ni ya polepole, na hakuna haja ya kuipamba. Kwa miezi ya mwanzo huenda ikazaa kidogo kuliko hila. Ila kamisheni yake haigeuki kuwa ushahidi. Kwa hiyo kila mbinu mpya ya kuongeza kipato, iwe imetoka kwa rafiki au kwa mtaalamu wa kulipwa, ipimwe kwa swali ambalo Hogan alilijibu vibaya alipoiruka San Jose: je, ningeiacha ifanye kazi vilevile kwenye kompyuta ya yule anayenilipa? Ukisitasita, usiiweke.