Shahidi wa Macho

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Sibishani nao, ila nauliza: ni nani hasa atazamaye?

Jicho lenyewe lina upungufu. Pale mshipa wa fahamu unapotoka nyuma ya jicho kuelekea kwenye ubongo, hapana hata chembe moja ya kupokea nuru. Mfaransa Edme Mariotte alilibainisha hilo katika karne ya 17, na msomaji aweza kulijaribu. Chora msalaba mdogo karatasini, na kuliani kwake, umbali wa sentimita 10, tia nukta. Fumba jicho la kushoto, ukazie msalaba lile la kulia, kisha isogeze karatasi taratibu. Pahala fulani nukta hutoweka. Ajabu ni kwamba hapabaki shimo. Pabaki karatasi nyeupe. Ubongo umepaziba.

Nami, katika kazi ya kutafsiri, hukutana na hati zilizoliwa na mchwa. Neno likipotea, vina na mizani hunisaidia kulikisia. Lakini hutia alama pambizoni, ili ajaye ajue kuwa neno hilo ni langu, si la mtunzi. Ubongo hautii alama. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikwisha kuandika katika *Kitab al-Manazir*, yapata miaka elfu iliyopita, kwamba mengi tudhaniayo kuwa tumeyaona tu, tumeyahukumu kwa kuyalinganisha na tuyajuayo, na hukumu hiyo hupita upesi hata tusiitambue.

Basi asemaye "nimeona kwa macho yangu", kumbe kajaza pengo, je, ni mwongo? Mwongo hujua kuwa aongopa, huyu hajui. Hata hivyo siwezi kumwachia huru, kwani palikuwa na maswali ya kujiuliza kabla ya kufungua kinywa: mwanga ulikuwaje, na moyo wangu ulitarajia kumwona nani?

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jioni moja, kiza kikiingia, nilimwona mtu akitoka pwani na wavu wa mzee wetu mmoja begani. Niliona mgongo na shati. Mtaani palikuwa na kijana mwenye sifa mbaya, na nilipoulizwa mbele ya wazee sikusema mgongo, nilitaja jina. Baada ya miezi miwili wavu ulipatikana kwa mtu mwingine kabisa. Kijana alikwisha kuhamia bara, wala hakurudi.

Hata leo nikiikumbuka jioni ile, nauona uso wake.