Salama kwa Nani, Dhidi ya Nani? Maana za 'Safe' katika Kiingereza cha Kila Siku

Utangulizi

Ni kawaida kudhani kwamba maneno mepesi hayahitaji kufafanuliwa. Kivumishi cha Kiingereza 'safe' ni mojawapo ya maneno hayo: mtoto wa Kiingereza hulijua kabla hajaanza shule. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu tu. Ndani ya neno hili limejificha swali la kimaadili ambalo mhakiki wa fasihi hana budi kulikabili: inaposemwa kwamba mtu yu salama, ni nani anayelindwa, na analindwa dhidi ya nani?

Mwili na moyo

Neno 'safe' lilitokana na 'salvus' la Kilatini kwa kupitia Kifaransa cha kale, na maana yake ya asili ni 'mzima', 'asiyedhurika'. Jirani yake 'secure' lilitokana na 'securus', yaani 'asiye na wasiwasi'. La kwanza lilieleza hali aliyo nayo mtu. La pili, hali anayoihisi. Hali hizi haziandamani daima. Aliyelala fofofo katika nyumba inayowaka hana wasiwasi, lakini hayuko salama. Aliyejifungia chumbani kwa hofu isiyo na sababu yuko salama, lakini hana utulivu. Katika matumizi ya kila siku mpaka huo umefifia, na 'safe' hubeba maana zote mbili.

Anayedhurika na anayedhuru

Utata wa pili una uzito zaidi. Mwingereza akisema kwamba mtoto ni 'safe', humaanisha kwamba mtoto hatadhurika. Akisema kwamba mbwa wa jirani ni 'safe', kwa kawaida humaanisha kwamba mbwa hatamdhuru mtu. Kisarufi sentensi hizo zinafanana. Kimaana zimepeana mgongo. Aidha, Waingereza hutumia neno hilo hilo kuelezea jimbo la bunge ambalo chama fulani hakitarajii kulipoteza. Usalama wa chama hapo ndio unyonge wa mpiga kura anayekipinga, lakini neno halimtaji mpiga kura huyo kabisa.

Shakespeare aliutambua utata huu. Katika Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, mfalme anamuuliza muuaji aliyemtuma iwapo Banquo yu 'safe'. Muuaji anajibu kwamba ndiyo, amelala mtaroni na majeraha ishirini kichwani. Wawili hao wanaelewana bila ya ufafanuzi wowote. Banquo ni 'safe' kama alivyo mbwa wa jirani: hawezi tena kumdhuru mfalme. Neno lililostahili kumlinda ndilo linalotangaza kifo chake. Hata hivyo, mfalme hapati utulivu alioununua kwa damu, kwani mzuka wa Banquo unaketi kitini pake papo hapo karamuni. Baadaye, utabiri unapomwondolea hofu, huko kutohofu ndiko kunakomwangamiza.

Yamkini msomaji akadhani kwamba hii ni michezo ya jukwaani tu. Tutazame basi Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, iliyotungwa kwa ajili ya Uingereza na Welisi. Kifungu cha 136 kilimruhusu polisi kumchukua mtu aliyeonekana hadharani kuwa na maradhi ya akili na kumpeleka 'mahali pa usalama'. Sababu zilizotolewa ni mbili: maslahi ya mtu mwenyewe, au ulinzi wa watu wengine. Miongoni mwa mahali hapo kilihesabiwa kituo cha polisi. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa ili wasiotimiza miaka 18 wasipelekwe humo. Kwa hiyo, mgonjwa aliyefungiwa seli aliweza kuelezwa kwamba yuko mahali pa usalama, na kauli hiyo ikawa kweli kisheria, bila ya yeye kujua ni usalama wa nani uliokusudiwa.

Pingamizi na jibu

Kuna watakaosema kwamba muktadha huondoa utata. Kwa mtoto na mbwa, tunakubali. Lakini mwenye mamlaka hatumii neno tu. Muktadha nao huwa mikononi mwake. Pale vijalizo 'kwa nani' na 'dhidi ya nani' vinapoachwa wazi, yeye ndiye huvijaza. Hatusemi kwamba ni dhuluma daima kumzuia mtu ili wengine wasidhurike. Tunachosema ni kwamba anayezuiwa ana haki ya kuambiwa hivyo. Kuuita ulinzi wa wengine usalama wake ni kumpokonya nafasi ya kujitetea, kwa sababu ni vigumu mtu kulalamikia kitu anachoelezwa kuwa ni hisani.

Hitimisho

Kiswahili nacho hakijaepukana na tatizo hili. Tunapomwambia mtu asafiri salama, tunamwombea asidhurike; tunaposema 'maji safi na salama', tunamaanisha maji yasiyodhuru. Mhakiki anayekutana na neno hili, liwe katika tamthilia, katika sheria au katika hotuba, asilipokee kama kivumishi kilichokamilika. Kwanza avitafute vijalizo viwili vinavyokosekana, kisha aulize ni nani aliyenufaika kwa kutotajwa kwavyo.