Mkarimu Kwake, Mzigo Kwetu

Polandi iliingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, na Uingereza ikawafungulia Wapolandi mlango wa kazi mara moja. Serikali ilitarajia maelfu; wakaja mamia ya maelfu. Mimi niliwakuta huko kwenye ghala la mboga.

Msimamizi wetu, Mwingereza, hakuchoka kulalamika: eti wamejaza shule, wameshusha mishahara. La mishahara silidharau. Anayelipwa kidogo huwa na hofu ya kweli. Lakini Jumatatu moja jamaa akarudi kutoka Kraków, alikoenda wikendi na marafiki kwa ndege ya bei nafuu. Akasifu bia, akasifu watu: wakarimu ajabu!

Mpolandi aliyekuwa akipanga karoti akamuuliza polepole, “Na hao si watu wa kwetu?”

Watu ni walewale. Huko alikuwa na pesa mkononi, nao wakimhudumia. Hapa wanatafuta riziki kando yake. Je, ukarimu aliousifu ulikuwa wao, au ni pochi yake iliyomfurahisha?

Msimamizi alicheka tu. Nami, mgeni kama yule, nikacheka naye, maana nilitaka shifti za ziada. Mpolandi hakunisemesha wiki nzima.