Sala Isiyo na Ladha

Kila kazi ina ujira wake, na ujira wa kwanza wa sala ni utamu wake. Mtu aanzapo kusali kwa moyo wake wote, aghalabu hupewa furaha ambayo hakuitazamia. Maneno ya Baba Yetu, aliyoyasema tangu utoto bila kuyafikiri, humwia mapya. Saa moja mbele ya Ekaristi humpita kama dakika chache. Kumsamehe adui, jambo lililokuwa zito kama jabali, huwa jepesi. Kisha siku moja, bila ya sababu anayoijua, utamu hukoma. Maneno ni yale yale, kanisa ni lile lile, magoti ni yale yale, lakini moyo umekuwa kama kisima cha kiangazi. Ndoo hushuka, ikapanda na mchanga. Hali hii waalimu wa sala katika Kanisa Katoliki huiita ukavu, na ni wachache mno waliodumu katika sala bila ya kuionja.

Hapo huzuka swali ambalo si la watawa peke yao, bali ni la kila mtu aliyewahi kuahidi kupenda. Je, mtu huyu aendelee kusali? Akiendelea, midomo yake itasema kuwa anampenda Mungu, ilhali moyo wake hausikii kitu. Je, huo si unafiki? Akiacha, je, si afadhali mtu anayenyamaza kwa kweli kuliko mtu anayesema kwa uongo? Swali hili halifai kudharauliwa. Wengi walioacha sala hawakuiacha kwa uovu. Waliiacha kwa sababu waliona haya kumtolea Mungu maneno matupu. Hoja yao ina heshima yake, na hoja yenye heshima haitupwi, hupimwa.

Na tuanze kwa kulipima neno lenyewe. Neno unafiki limetufikia kutoka katika Kiarabu, na wanalugha wa kale wa Kiarabu walilihusisha na shimo la panya wa jangwani, shimo lenye milango miwili: mmoja unaoonekana, na mwingine uliofichwa kwa ajili ya kutorokea. Wayunani nao walikuwa na neno lao, ambalo waandishi wa Injili walilitumia, na maana yake ya kwanza ilikuwa mwigizaji wa jukwaani. Maneno haya mawili yametoka katika nchi mbalimbali, lakini hukutana mahali pamoja: yote mawili humhitaji mtazamaji. Panya huchimba mlango wa siri kwa kuwa yuko mwindaji. Mwigizaji huvaa sura isiyo yake kwa kuwa wako watu mbele yake. Basi unafiki si tofauti tu baina ya mdomo na moyo. Ni tofauti iliyokusudiwa ili mtu fulani adanganyike.

Kama ndivyo, mtu anayesali katika ukavu humdanganya nani? Hamdanganyi Mungu, maana humwendea akijua kuwa anaonekana mpaka ndani. Hajidanganyi nafsi yake, maana ukavu wake ndio unaomuuma. Wala hawadanganyi watu, ikiwa anasali chumbani mwake, mlango umefungwa. Shimo lake lina mlango mmoja tu, na mlango huo uko wazi.

Walakini tusishangilie mapema. Kuna watu ambao sala yao huonekana na ulimwengu mzima, na mmoja wao alikuwa Mama Teresa wa Kalkuta. Alizaliwa Skopje mwaka 1910, akaanzisha shirika la Wamisionari wa Upendo lililokubaliwa na Kanisa mwaka 1950, akafa mwaka 1997. Miaka kumi baada ya kufa kwake, yaani mwaka 2007, barua zake kwa mapadre waliomwongoza zilitolewa katika kitabu. Ulimwengu ukastaajabu. Mwanamke yule, ambaye tabasamu lake lilijulikana kila nchi, alikuwa ameishi karibu nusu karne katika giza la roho, isipokuwa kwa majuma machache ya mwaka 1958. Alisali bila kusikia kuwa yuko anayemsikiliza. Wako waliosema, baada ya kuzisoma barua hizo, kuwa alikuwa mnafiki. Hawakujua kuwa shtaka lao lilikuwa limetanguliwa. Yeye mwenyewe aliwahi kulitamka neno hilo hilo juu ya nafsi yake katika barua, alipokumbuka jinsi alivyozungumza na watu juu ya upendo wa Mungu kana kwamba moyo wake ulikuwa unawaka.

Tumjibu nini? Kama upendo ni hisia, washitaki wake wameshinda, na yeye ameshindwa pamoja na sisi sote. Lakini kama upendo ni hisia, basi mama anayeamka usiku wa manane kumnyonyesha mtoto anayelia, naye amechoka hata hana chembe ya furaha, hampendi mtoto wake wakati ule. Mwana anayemwogesha baba yake mgonjwa, na harufu inamchukiza, hampendi baba yake. Hakuna mtu mwenye akili atakayekubali hayo. Watu wote hujua, hata wasipoweza kulieleza, kuwa matendo ya namna hiyo yana upendo mwingi kuliko kukumbatiana kwa siku ya sikukuu. Hisia ni mgeni wa upendo: akija hukaribishwa, akiondoka nyumba haianguki. Mwenye nyumba ni nia.

Jambo hili lilifahamika vizuri na kijana mmoja wa Ufaransa, Theresia wa Lisieux, aliyeingia katika monasteri ya Wakarmeli mwaka 1888 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka ishirini na minne. Ndani ya nyumba ile alikuwapo sista mmoja ambaye tabia yake ilimkera Theresia katika kila jambo. Theresia akaamua kumtendea kama ambavyo angemtendea mtu anayempenda kuliko wote. Alimwombea, alimsaidia, na alipojaribiwa kumjibu vibaya alimpa tabasamu. Mwisho wake sista yule alimwuliza ni kitu gani kinachomvutia hivyo kwake. Msomaji mkali anaweza kusema kuwa huo ulikuwa udanganyifu. Lakini Theresia hakutafuta faida wala sifa kwa sista yule. Alitafuta kumpenda kweli, akaanzia mahali pale ambapo uwezo wake ulifika, yaani katika mikono na uso, kwa kuwa moyo haukumtii. Mnafiki hutenda mema ili afiche ubaya alioukusudia. Theresia alitenda mema ili aushinde ubaya asioukusudia. Matendo yanafanana, njia zao zinakwenda mashariki na magharibi.

Tangu Pasaka ya mwaka 1896 mpaka kufa kwake, huyu Theresia naye aliingia gizani. Wazo la mbingu, lililokuwa tamu kwake tangu utoto, likawa ukuta. Hakujifanya kuwa ukuta haupo. Alimweleza mkubwa wake kwa maandishi. Tena aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaichukua karibu na moyo wake. Huko si kuigiza. Mwigizaji huchagua maneno yatakayowapendeza watu. Yeye alichagua maneno ambayo wakati ule hayakumpendeza hata yeye mwenyewe, kwa kuwa aliamini kuwa ni ya kweli.

Sasa twaweza kuuliza jinsi mtu anavyopaswa kuenenda katika hali hiyo. Mwalimu mwema hapa ni Teresa wa Avila, mwanamke wa Hispania aliyeishi kutoka mwaka 1515 mpaka mwaka 1582. Katika kitabu cha maisha yake alisema waziwazi kuwa kwa miaka kadhaa alisali huku akingojea saa igonge ili muda wa sala uishe. Mtu aliyeweza kusema hivyo ana haki ya kufundisha. Aliifananisha roho na bustani, na sala na namna nne za kuinywesha. Ya kwanza ni kuteka maji kisimani kwa ndoo, kazi yenye jasho jingi na maji machache. Ya pili ni gurudumu linalovuta maji. Ya tatu ni maji ya mto au kijito. Ya nne ni mvua, ambayo mtunza bustani haichumii kwa jasho lolote. Wasomaji wengi huikimbilia mvua. Lakini shauri lake lenye nguvu liko katika ndoo. Mtunza bustani afanye nini ikiwa kisima kimekauka? Ajibu kuwa bustani si yake. Mwenyewe anajua kuwa yuko kazini, na anajua kuwa kisima hakina maji. Mtumishi aliyeshusha ndoo ametimiza wajibu wake, hata ndoo ikipanda tupu.

Mwenzake wa karne ile ile, Ignasi wa Loyola, alikuwa askari kabla ya kuwa mtakatifu, na shauri lake lina harufu ya ngome. Alijeruhiwa Pamplona mwaka 1521, na vitabu alivyosoma kitandani vilimgeuza. Kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilikubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo alifundisha kuwa wakati wa ukiwa wa roho mtu asibadili jambo aliloliazimia wakati wa faraja. Tena aliongeza shauri la ajabu: mtu anayeona saa yake ya sala inamchosha asiipunguze, aizidishe kidogo. Hekima ya shauri hili ni ya wazi. Mwenye njaa si hakimu mwema wa bei ya chakula, na mwenye giza machoni si mchaguzi mwema wa njia. Aliyeweka nadhiri mchana asiivunje usiku kwa sababu tu hauoni mchana.

Lakini hapa lazima tujihadhari, maana kila dawa ina sumu yake. Si kila ukavu ni jaribio tukufu. Upo ukavu wa uvivu: mtu hasali vizuri kwa kuwa hakujitayarisha, au kwa kuwa ana deni la haki analokataa kulilipa. Ignasi mwenyewe aliutaja uzembe wetu kuwa ni mojawapo ya sababu za ukiwa. Upo tena ukavu wa mwili uliochoka au akili inayougua, na huo huhitaji usingizi, daktari na jamaa wema, pamoja na sala. Ni ukatili kumwambia mgonjwa kuwa huzuni yake ni neema, kisha kumwacha bila ya tiba.

Yohane wa Msalaba, aliyefungwa gerezani Toledo miaka ya 1577 na 1578 na watawa wa shirika lake mwenyewe, aliujua usiku kwa mwili na kwa roho. Alitoa dalili tatu za kuutambua usiku unaotoka kwa Mungu. Kwanza, mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, wala haioni katika mambo ya dunia. Pili, ana wasiwasi kuwa hamtumikii Mungu, tena kuwa anarudi nyuma. Tatu, hawezi kutafakari kama alivyozoea, hata akijitahidi. Tazama dalili ya pili. Mtu vuguvugu hajali kuwa amepoa. Anayelia kwa sababu hapendi tayari ana upendo, kama vile anayesikia kiu tayari anayajua maji.

Na Kanisa halikumwachia mtu huyo atafute maneno yake mwenyewe. Limempa rozari, ambayo vidole huweza kuishika wakati akili imetawanyika. Limempa Misa, ambayo nguvu yake haitegemei joto la mhudhuriaji. Limempa Zaburi, na katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa limeweka Zaburi ya 88, wimbo unaoanza kwa kilio na kukoma gizani bila ya neno la faraja. Ni jambo la kutafakari kuwa wimbo huo haukutolewa katika Biblia. Maana yake ni kuwa mtu anayemwambia Mungu kuwa haoni kitu bado anasali. Labda anasali kuliko wakati alipoona.

Basi jibu letu ni hili. Sala isiyo na ladha huwa unafiki ikiwa imefanywa kwa ajili ya macho ya watu, au ikiwa imefanywa badala ya haki mtu anayomnyima jirani. Ikiwa haina kosa hili wala lile, ni ahadi inayotimizwa. Kipimo chake hakimo katika kifua cha msali, mahali ambapo hisia huja na kwenda kama upepo wa pwani. Kimo nyumbani mwake na kazini mwake: je, ana subira zaidi kwa mke au mume, kwa mtoto, kwa mtumishi, kwa mgonjwa asiyeshukuru? Mkulima hupalilia mihogo asiyoiona, kwa kuwa chakula chake kinakua chini ya ardhi. Anayeng'oa mche kila asubuhi ili autazame mzizi, kwa kutaka kuwa na hakika, hatakula.